Safari ya Kwanza ya Theluji, Zermatt: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayekwenda Zermatt, Uswisi, kwa mara ya kwanza, na hajawahi kuvaa skii (vibao viwili virefu vya kutelezea, kimoja kila mguu) wala kusimama juu ya ubao wa theluji. Nilifika huko nikiwa mgeni kabisa, nikarudi tena, na majibu haya yametokana na niliyoyaona. Neno moja nilitangulize: siku tatu za kwanza ni za kujifunza. Anayelikubali hilo hufurahia wiki nzima. Anayeliruka huishia kukaa hotelini na goti lililovimba.

Zermatt iko wapi, na ina nini cha pekee?

Ni kijiji cha milimani kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Valais, mpakani na Italia, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Juu yake umesimama mlima Matterhorn wenye urefu wa mita 4,478, ule wenye umbo la piramidi uliopinda kidogo kileleni. Ukijumlisha na upande wa Italia, njia za kuteleza zinafikia kilomita 360 hivi. Kituo cha juu kabisa cha magari ya waya, Matterhorn Glacier Paradise, kiko mita 3,883, na hakuna kingine Ulaya kinachokizidi. Huko juu kuna barafuto, yaani mto wa barafu isiyoisha mwaka mzima, ndiyo maana utawakuta watu wakiteleza hata mwezi wa Julai.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Uswisi imo Schengen tangu 2008, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje siku 15, kwa kuwa msimu wa theluji ndio msimu wa foleni.

Viza inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Hapa soma kwa makini sana. Bima nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza hazigharamii michezo ya theluji. Ubalozi utaipokea, utapata viza, kisha ukivunjika mguu mteremkoni unaambiwa mkataba hauhusiki. Tafuta bima inayotaja waziwazi skii na ubao wa theluji, uokoaji milimani na helikopta, na fidia kwa mtu utakayemgonga.

Nafikaje kijijini?

Kwa treni. Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich unakwenda hadi Visp, unabadilisha, kisha treni ya Matterhorn Gotthard Bahn inapanda bonde hadi Zermatt. Jumla ni kama saa tatu na nusu. Ukija kwa gari, safari yako ya gari inaishia Täsch, kilomita tano kabla, kwa sababu magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kijijini. Unaegesha hapo na kumalizia kwa treni ya dakika 12. Ndani ya Zermatt utapishana na teksi na mabasi madogo ya umeme. Yanakuja kimyakimya mno, kwa hiyo angalia nyuma kabla ya kuvuka barabara.

Mwezi gani ni mzuri kwa anayeanza?

Machi. Siku zimerefuka, baridi imepungua makali, na kwa mwinuko ule theluji bado ipo tele. Januari kuna nafasi zaidi lakini baridi inachoma, na mgeni anayeanguka kila dakika tano hulowa na kuganda. Februari shule nyingi za Ulaya huwa likizo, hivyo foleni ni ndefu na bei ziko juu. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ni hivyo hivyo.

Nianze na skii au na ubao?

Skii ni rahisi kuanza na ngumu kuzifikisha mbali. Ubao ni kinyume chake. Kwenye skii miguu yako iko huru, unatazama mbele, na siku ya kwanza tu unaweza kushuka kimteremko kidogo ukasimama mwenyewe. Unatanua visigino na kukutanisha ncha za mbele ili skii zikae kama kipande cha pizza; ukitanua zaidi, unapunguza mwendo. Walimu huwaambia watoto neno hilohilo, na watu wazima pia.

Kwenye ubao miguu yote miwili imefungwa, umesimama kiubavu, na siku mbili za kwanza makalio yako yatakuwa chini zaidi ya miguu. Ila likishakuingia, linaingia kwa haraka. Majeraha nayo yanatofautiana: wa skii huumia goti na kidole gumba, wa ubao huumia kifundo cha mkono kwa sababu hutanguliza viganja anapoanguka. Ukichagua ubao, vaa kinga za vifundo vya mikono na ujizoeze kuanguka ukiwa umekunja ngumi.

Kama una wiki moja tu na hujui kama utarudi, ningekushauri skii.

Nivae nini?

Tabaka tatu. La kwanza linalobana mwili, la sufu au la kitambaa cha michezo; la pili la kuhifadhi joto; la tatu la kuzuia upepo na maji. Pamba iache sandukuni. Pamba ikishalowa jasho haikauki, na kwenye lifti ya viti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha mlimani, upepo ukikupiga utaijua gharama yake. Suruali ya theluji na koti unaweza kukodi. Glovu, miwani mikubwa ya theluji na soksi nunua zako mwenyewe.

Kofia ngumu Uswisi si lazima kisheria, lakini karibu kila mtu anaivaa, nawe ivae. Ikodi pamoja na vifaa vingine.

Buti zinanibana mno dukani. Ni kawaida?

Kubana ni kawaida, kuuma si kawaida. Hili ndilo jambo linaloharibu safari nyingi kuliko theluji mbaya, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Vaa soksi moja tu, nyembamba, inayofika chini ya goti, bila mkunjo hata mmoja. Usiongeze ya pili ukidhani utapata joto. Soksi mbili hubana damu na miguu inapoa zaidi. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu kiingie nyuma kabisa, ndipo ufunge vifungo kuanzia vya kifundo. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Sasa kunja magoti, egemea mbele mpaka ugoko ukandamize ulimi wa buti: vidole virudi nyuma, viachane na ukuta. Hapo buti inakutosha. Kisigino kikipanda unapoegemea, ni kubwa. Kaa nazo dukani dakika kumi kabla hujasema ndiyo.

Mara yangu ya kwanza nilipewa namba iliyozidi kwa sababu nililalamika kwamba ile sahihi inabana. Mhudumu alikuwa na foleni ndefu, hakubishana nami. Saa tano asubuhi kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, kwa sababu mguu ulikuwa unaogelea ndani na kugonga mbele kila nilipofunga breki. Maduka ya kukodisha hukubali kubadilisha. Rudi mchana huohuo, usivumilie.

Mbona wananiuliza uzito wangu?

Kwa sababu ya vifungio vinavyoshika buti kwenye skii. Vinapaswa kuachia unapoanguka vibaya, kabla goti halijasokotwa. Fundi anavirekebisha kwa kuangalia uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango chako cha uzoefu. Ukidanganya kuwa wewe ni mzoefu, vinakazwa zaidi na havitaachia. Taja kilo zako za kweli na useme hujawahi. Hakuna atakayekucheka.

Rafiki yangu anajua, atanifundisha. Bado nahitaji mwalimu?

Ndiyo. Rafiki anayejua amesahau ilivyokuwa kutojua. Atakupandisha juu mahali anapopapenda yeye, atashuka mita hamsini, kisha atakungoja huku anapunga mkono. Mwalimu atakuweka mahali tambarare, akuvulishe skii moja, akuzungushe, akufundishe kuanguka na kunyanyuka. Kunyanyuka nako kuna elimu yake: kwanza geuza skii zote mbili zikae upande wa chini wa mteremko na ziukate kiubavu, ndipo ujisukume. Zikiwa zimeelekea chini, zitaondoka nawe.

Chukua masomo ya kikundi ya siku tatu mfululizo. Kama fedha inaruhusu, ongeza saa mbili za peke yako siku ya nne.

Zermatt si ngumu kwa wanaoanza?

Nitasema kweli: kuna vijiji vyepesi zaidi kwa anayeanza. Hapa njia nyingi ni za kiwango cha kati, na viwanja vya kujifunzia haviko kijijini bali juu, kwa hiyo kila asubuhi unapanda kwa lifti na jioni unashuka kwa lifti. Hata hivyo viwanja vyenyewe ni vizuri. Cha Sunnegga kiko mita 2,288, unafika kwa treni ya waya inayopita ndani ya mwamba kwa dakika chache tu. Kingine kiko Riffelberg, njiani mwa reli ya Gornergrat. Kote huko Matterhorn uko mbele ya macho yako.

Usione haya kushuka jioni kwa lifti. Njia za kurudi kijijini saa kumi jioni zina barafu ngumu, zimejaa watu waliochoka, na ndiko wanaoanza wanakoumia.

Rangi za njia zina maana gani?

Buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Alama za manjano Uswisi huonyesha njia ambazo hazijasawazishwa kwa mashine ingawa zinalindwa dhidi ya maporomoko ya theluji. Mwanafunzi hana kazi huko. Kumbuka pia kwamba rangi inapima mwinamo wa mteremko, haipimi hali ya siku hiyo. Buluu yenye barafu asubuhi yaweza kukushinda, na nyekundu yenye theluji laini mchana ikakubeba vizuri.

Naogopa lifti ya viti.

Wengi wanaiogopa. Mwambie mhudumu kuwa ni mara yako ya kwanza, naye atapunguza mwendo. Shika fimbo zako zote mbili za skii kwa mkono mmoja, tazama kiti kinavyokuja nyuma, keti, kisha shusheni chuma cha usalama. Mkoba wa mgongoni uweke mapajani ili mikanda isinase. Mkikaribia juu, inueni ncha za skii, simameni pale panapotambarajika na muondoke moja kwa moja bila kusita. Wanaoanguka wengi ni wale wanaosimama papo hapo kutafuta wenzao.

Lifti za kuburuta, zinazokuvuta ukiwa umesimama juu ya theluji, ni rahisi kwa wa skii na ni mtihani kwa wa ubao. Wa ubao atafute viti au vibanda vya waya.

Naweza kweli kuteleza hadi Italia?

Ndiyo, hadi Breuil-Cervinia, na miteremko ya huko ni mipana na mipole kuliko ya Zermatt. Unahitaji tiketi ya lifti inayojumuisha nchi zote mbili, kwani ile ya Zermatt peke yake haitoshi. Tangu 2023 hata asiyeteleza anaweza kuvuka mpaka kwa magari ya waya. Hakuna ukaguzi wa kawaida wa mpakani, lakini beba pasipoti. Sheria ya Italia inamtaka kila mtelezaji awe na bima ya kulipa madhara anayowasababishia wengine, na kofia ngumu huko ni ya lazima.

Cha kuchunga ni saa. Lifti za kurudi Uswisi hufungwa mapema kuliko unavyodhani, na upepo mkali ukivuma juu mpakani zinaweza kufungwa ghafla. Ukibaki upande wa pili, kurudi kwa barabara ni kuzunguka milima yote kwa saa kadhaa, kwa teksi ya bei ya kutisha. Ukiwa huko anza kurudi mapema mchana, hata kama jua linakusihi ubaki.

Kichwa kinaniuma nikifika juu. Ni baridi?

Yaelekea ni mwinuko. Kwenye mita 3,883 hewa ina zaidi ya theluthi moja pungufu ya oksijeni unayopata usawa wa bahari. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Usiende kituo cha juu siku ya kwanza. Kunywa maji mara kwa mara, punguza pombe, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mama mjamzito, wamuone daktari kabla ya safari.

Ngozi yangu ni nyeusi. Nahitaji kweli krimu ya jua?

Unahitaji, tena sana. Mionzi ya jua inayochoma huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 yake. Yaani jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini: chini ya kidevu, chini ya pua, ndani ya matundu ya pua. Paka hata siku ya mawingu, na midomo uipake mafuta yenye kinga. Macho nayo huungua. Jioni yanawasha kama yametiwa mchanga na hayavumilii mwanga. Usivue miwani hata ukikaa kupumzika.

Maporomoko ya theluji je?

Ndani ya njia zilizo wazi na zenye alama, walinzi wa mlima hukagua kila asubuhi na mara nyingine hulipua theluji iliyolundikana kabla hawajafungua. Hatari ni ya anayetoka nje ya alama. Taasisi ya SLF iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari kila siku wakati wa baridi, kwa viwango vya 1 hadi 5. Watu hudhani cha 3 ni cha wastani, kwa hiyo hakuna tatizo. Sivyo kabisa: vifo vingi hutokea kwenye kiwango hichohicho, kwa kuwa theluji inaonekana nzuri na watu wanaingia.

Aliyefunikwa ana nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 15 hivi za kwanza, kisha nafasi hiyo inaporomoka upesi. Kwa hiyo wanaokwenda nje ya njia hubeba kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefunikwa, koleo na ufito wa kuchomea theluji, na hufuatana na mwongozaji. Zermatt kuna pia nyufa za barafuto, nyingine zina kina cha kutisha na zimefunikwa na kitambaa chembamba tu cha theluji. Ukiona nyayo za mtu zimetoka nje ya kamba, usizifuate. Hujui yeye ni nani wala aliishia wapi.

Kuna sheria za barabarani huko mlimani?

Zipo kumi, zimewekwa na shirikisho la kimataifa la skii, FIS, na mahakama huzitumia ajali ikitokea. Iliyo kubwa: aliye mbele yako chini ana haki ya njia, kwa sababu hana macho kisogoni. Wewe unayetoka juu ndiye wa kumkwepa. Usisimame katikati ya njia wala nyuma ya kilima mahali usipoonekana. Ukishuhudia ajali, ni wajibu wako kusaidia na kutoa jina lako.

Na jambo moja ambalo wageni hawalijui: njia zikishafungwa jioni, usirudi mlimani. Mashine za kusawazisha theluji hufanya kazi usiku zikiwa zimefungwa kwa waya mrefu wa chuma unaovuka mteremko. Gizani hauonekani, na ukikazwa ghafla unaua.

Nikiumia nifanye nini?

Chomeka skii mbili zipishane kama msalaba, upande wa juu wa mteremko kutoka mahali mgonjwa alipolala, ili wanaoshuka wakwepe. Piga namba ya walinzi wa njia iliyochapishwa kwenye ramani, au 144, namba ya gari la wagonjwa Uswisi. Taja namba ya njia iliyo kwenye nguzo iliyo karibu nawe. Helikopta za huku ni za Air Zermatt, kampuni iliyoanza 1968, na hufika haraka. Bili yake nayo hufika, ndiyo maana nilisisitiza bima.

Ni ghali kiasi gani?

Ni ghali, tusidanganyane. Uswisi hutumia faranga yake, na Zermatt ni miongoni mwa vijiji vya bei ya juu katika Alps. Kupunguza makali: nunua tiketi ya lifti mapema mtandaoni, lala Täsch badala ya Zermatt, panga nyumba yenye jiko, na siku mbili za kwanza usinunue tiketi ya mlima mzima. Uliza ile ya eneo la wanaoanza, maana hutatoka hapo hata hivyo.

Chaja yangu itaingia ukutani?

Plagi ya pini tatu bapa haitaingia. Nunua adapta ya Uswisi. Ina pini tatu za mviringo na si sawa na ile ya Ujerumani.

Mwenzangu hataki kuteleza. Atafanya nini wiki nzima?

Hatachoka. Reli ya Gornergrat, iliyofunguliwa 1898 na yenye meno ya chuma yanayoisaidia treni kupanda, inampandisha hadi mita 3,089 kwa dakika 33 bila kuvaa kitu kigumu mguuni. Aketi upande wa kulia wakati wa kupanda, ndiko Matterhorn unakoonekana. Kuna njia za kutembea kwa miguu zilizoshindiliwa, na za kushuka kwa kigari cha mbao cha theluji. Ndani ya jumba la makumbusho la kijiji ipo kamba iliyokatika tarehe 14 Julai 1865, siku watu saba walipofika kileleni Matterhorn kwa mara ya kwanza na wanne wakafa wakati wa kushuka. Ni kamba nyembamba. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Theluji inaweza kutuzuia kuondoka?

Inaweza. Januari 2018 barabara na reli zilifungwa kwa hofu ya maporomoko, na wageni wapatao 13,000 wakabaki kijijini. Baadhi walitolewa kwa helikopta. Haitokei kila mwaka, lakini usipange ndege ya kurudi jioni ileile unayotoka mlimani. Shuka siku moja kabla, lala Visp au Zürich, na dawa zako za kila siku beba za siku tatu za ziada.